Nondo Sitini na Watatu wa Karabai

Nilianza kazi Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa moja na dakika kumi jioni, barazani kwetu Ujiji, Baba Mdogo alipowasha karabai yake kabla ya kwenda ziwani kuvua dagaa. Nondo wa kwanza aligonga kioo cha taa, akatumbukia kwenye kikombe changu. Nikamwandika daftarini: "Namba 1. Kahawia, labda kwa sababu ya chai."

Ninyi mtakaoifuata kazi hii, jueni nondo si kipepeo. Mkuu wangu wa kwanza, Mwalimu wa Baiolojia, alinieleza pembeni, maana darasani mimi siulizi swali hata nikibanwa. "Kipepeo akitua husimamisha mabawa. Nondo wengi huyalaza, kama paa la nyumba." Kitabu cha majina hakikuwepo, nikatunga yangu: Kanga Kuukuu, Bibi Harusi, na Mkuu wa Shule, mnene, mwenye manyoya shingoni, hasogei hata umpulize.

Mkuu wangu wa pili, mkali zaidi, alikuwa Bibi. Kwetu mdudu wa mabawa akiingia ndani, mgeni yuko njiani. Na mwaka ule vita vya Burundi vilikuwa vimetuletea Shangazi Zubeda, mtoto wa dada yake Bibi, kutoka Rumonge, na watoto wake wanne, kisha wifi yake, kisha mtu aliyesema anamjua wifi. Tukawa kumi na mmoja katika vyumba viwili. Nilipofika Namba 63, Bibi alihesabu nondo wangu, akahesabu na sahani.

"Kumbe ni wewe! Unawaandikisha, wanakuja na watu wao!"

"Bibi, hawa wanafuata taa."

"Na wageni wanawafuata hao. Funga dirisha la barazani, ufunge na daftari. Umestaafu leo."

Nikalifunga daftari.

"Na kiinua mgongo chake je?" Baba Mdogo akauliza huku akicheka.

Bibi akanipa kipande cha muhogo. Ndivyo nilivyoagwa, nikiwa na miaka kumi na sita, baada ya utumishi wa miezi mitano.

Nilikuwa naficha daftari chini ya godoro Shangazi Zubeda alipoingia. Mumewe alikuwa amebaki Rumonge, na tangu Shangazi akimbie hapakuwa na habari yake.

"Mwanangu," akanong'ona, "yule mkubwa kuliko wote ni namba ngapi?"

"Arobaini na moja. Mkuu wa Shule."

"Akija tena, usimfukuze."

"Bibi amekataza, Shangazi."

"Ego, ndiyo, amekataza dirisha la barazani. La uani hakulitaja."

Katika utumishi wangu wote, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za nondo akasubiri jibu namna ile.

Asubuhi yake, Bibi akiwa bado kwenye mswala, nilifungua dirisha la uani. Mkuu wa Shule alikuwa amelala ukutani, kwa nje. Nikampandisha juu ya jalada la daftari, nikamwingiza ndani taratibu. Kisha nikaenda kuosha sahani ya kumi na mbili.