Mwaliko wa Kujamiiana

Mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Riyadh, mhandisi kutoka Kenya, hapendi neno fupi pakiwa na refu. Kwake watu hawakutani. Kukutana ni kwa mbuzi malishoni. Basi alipoandaa chakula cha mchana cha Ijumaa katika hoteli moja ya Olaya, alituandikia kwenye kundi la WhatsApp, ambalo lina hata watu wa miji mingine: "Ndugu wanajumuiya, mnaombwa kufika na familia zenu ili tujamiiane kwa uhuru na heshima."

Mimi ni mzaliwa wa Unguja na kazi yangu ni kutafsiri mikataba. Nilisoma ujumbe ule ofisini, ikabidi nijifanye nakohoa. Kabla sijaamua kumwonya faraghani, ikaingia sauti ya mwanamke Mkenya anayefanya kazi za ndani Jeddah.

"Mwenyekiti," alisema kwa upole kabisa, "madam wangu hanipi ruhusa hata ya kwenda dukani. Hilo la kujamiiana na jumuiya nzima nimwombe vipi?"

Watu walicheka mpaka jioni. Mwenyekiti akanipigia simu.

"Dada, wewe ndiye mwenye Kiswahili. Waambie. Jamii, kujamiiana, si mzizi mmoja?"

"Mzizi ni mmoja, kaka. Ni wa Kiarabu, wa kukusanya. Umezaa Ijumaa, umezaa jamaa na jumuiya, na kujumuika, ambalo ndilo ulilolitaka. Ila umezaa na jimai. Wewe umewaalika watu kwenye jimai, tena na watoto wao."

"Kenya tunasema hivyo."

"Aliyekucheka ni Mkenya, kaka."

Neno hakulirekebisha. Alichorekebisha ni kundi: alimtoa yule mwanamke kwa utovu wa nidhamu.

Ijumaa tulijumuika kwa utaratibu wetu wa kawaida, wahasibu meza yao, madaktari yao, Watanzania karibu na mlango. Mwenyekiti alihutubia kuhusu umoja hadi wali ukapoa, kisha akatuomba tuwakumbuke dada zetu wa majumbani. Tuliwakumbuka vizuri sana, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekuwamo ukumbini kutuvuruga. Nikasimama nikaomba yule wa Jeddah arudishwe.

"Kamati italijadili," alisema, akaagiza chai. Kamati haijakaa hadi leo.

Nilimpigia yule mwanamke kumpa pole. Alikuwa anapiga pasi, nasikia mvuke.

"Halas, dada, yamekwisha," akasema. "Kule nilikuwa napata hotuba tu. Sisi tuna kundi letu. Nikutie?"

Akanitia. Kundi halikuwa na mwenyekiti wala salamu ndefu. Mwenzao mmoja wa Riyadh alikuwa amemtoroka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na hana pa kulala, nao walikuwa wakiulizana ni nani ana nafasi. Mwenye chumba mtaa wa Manfuha alikuwa ameshajibu: aje, tutabanana.