Fundi Masikio na geji aliyoidharau

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani ameinama juu ya injini inayounguruma. Mkononi ana bisibisi ndefu. Ncha yake imegusa ubavu wa injini, na mpini ameukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mumewe, fundi wa magari, amesimama mbele yake, lakini haangalii injini. Anaangalia midomo ya mkewe.

"Inagonga?" anauliza, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

"Chini kimya. Juu ndiko inadonoa."

"Inadonoa vipi?"

"Kama kuku anadonoa bati."

Fundi anageukia geji ya kupimia nguvu ya oili, aliyoifunga kwenye injini kwa mpira mwembamba. Injini ilipowashwa ikiwa baridi, sindano ilipanda hadi sitini. Sasa imepata moto, na sindano imelala kwenye kumi na mbili. Kwa injini hii, chini ya ishirini ni hatari. Anazima swichi, anapangusa mikono kwa tambara na kukaa juu ya tairi.

"Bado," anasema.

Gari hili ni dogo, la rangi ya maziwa, lina miaka hamsini na mbili, na hii ni mara ya tatu katika wiki tatu injini yake inakataa. Fundi alikwisha kuifungua yote. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ameipeleka kuchongwa upya. Beringi zake, vile vipande vya nusu duara vinavyoishikilia, ni mpya. Bado oili inakosa nguvu ya kupanda, na oili ikikosa nguvu, vyuma vinalana.

Mteja mwingine angekuwa amekwisha kuambiwa atafute injini nyingine. Kwa mwenye gari hili, fundi hawezi kusema hivyo.

Mtaa mzima unamwita Masikio. Ana miaka sitini na mitatu, thelathini na minane kati ya hiyo ameitumia chini ya maboneti. Zamani gari likikata kona kuingia uani, yeye alikuwa keshataja ugonjwa wake kabla dereva hajafungua mlango. Wiki moja ilikuwa ikimletea magari manane. Mafundi wenzake walikuja kumwazima, kama watu wanavyoazimana ngazi.

"Geji ni ya wanaojifunza," alikuwa akiwatania. Geji ya kupimia alikuwa nayo, ndani ya droo, imefungwa kwenye gazeti.

Kilichomtokea ni kilekile kinachowapata wengi wa kazi yake. Miaka ya nyundo, ya mashine ya kusaga vyuma na ya ekzosi zilizotoboka, bila kuziba masikio hata siku moja. Sikio la kushoto limekufa. La kulia linapata sauti za watu wakisema karibu, lakini mlio wa chuma kwa chuma halipati tena. Kifaa cha kumsaidia kusikia kingekula mapato yake ya miezi saba, tena sasa anapopokea magari mawili tu kwa mwezi.

Mkewe ndiye aliyegundua kwanza. "Birika lilikuwa linapiga filimbi, yeye amekaa kando yake anasoma gazeti," anasimulia. "Nikamwambia, baba, nenda ukapimwe. Akaniambia ana mawazo mengi. Sikio la kufa halisikii dawa, nikanyamaza."

Mama huyu ana masihara yake. Anajua kutania, lakini akifika kwenye habari ya gari hili la rangi ya maziwa, anaangalia pembeni.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu, rafiki wa fundi kwa miaka ishirini na mitano. Mwaka jana alilileta kwa sababu taa nyekundu ya oili ilikuwa inawakawaka injini ikipata moto. Mwalimu alikuwa akilitumia mara tatu kwa wiki kumpeleka mkewe hospitali kusafishwa figo.

Siku hiyo fundi aliweka bisibisi sikioni kama kawaida. Hakusikia kitu.

"Nikasema injini nzima. Taa ndiyo mbovu," anasimulia. "Nilikuwa najua. Ndani ya moyo nilikuwa najua kwamba sisikii, siyo kwamba hakuna mlio. Lakini Mwalimu amesimama pale, na watu wengine wawili wamesimama, wote wananiangalia niwaambie. Ningesemaje? Masikio hasikii?"

Geji ilikuwa kwenye droo, hatua nne kutoka aliposimama. Badala yake alibadilisha swichi ya taa na kumwaga oili nzito kuliko inayotakiwa. Taa ikazimika. Fundi yeyote anajua kwamba oili nzito ni kama dawa ya maumivu: inanyamazisha, haiponyi. Ikipata moto mkali inakuwa nyepesi, na ugonjwa unarudi pale ulipokuwa.

Ulirudi baada ya siku kumi na moja, mchana, kwenye mlima, mbali na nyumba yoyote. Injini ilijifunga, vyuma vikashikana. Mwalimu na mkewe walikaa kando ya barabara kwa saa mbili na nusu kabla gari jingine halijasimama. Walipofika hospitali, mashine za figo zilikuwa zimekwisha kupewa wagonjwa wengine. Mke wa Mwalimu alifariki baada ya siku mbili. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu ya kuchelewa, na hakusema kwamba sivyo.

Hayo peke yake yangetosha kumkosesha mtu usingizi. Lakini kuna jingine, na hili fundi alilitoa mkewe akiwa ameingia ndani kwa makusudi.

"Msibani Mwalimu alinishika mkono. Akaniuliza, Fundi, nini kilitokea? Nikamwambia, labda oili ilipungua, Mwalimu. Labda siku ile hukupima. Akaitikia kwa kichwa. Basi. Tangu siku ile anaamini amemuua mkewe kwa uzembe wake."

Gari lilikaa uani kwa Mwalimu mwaka mzima. Mwezi uliopita binti yake alilileta likivutwa kwa kamba. "Shikamoo, baba mdogo," alimwambia fundi. "Baba amesema lirudi kwako tu, hataki fundi mwingine." Fundi anasema maneno hayo yalimchoma kuliko matusi.

Alimwomba mwandishi wa habari hii asichapishe neno mpaka yeye mwenyewe awe amemwambia Mwalimu. Alikubaliwa.

Kwa hiyo asubuhi hii, akiwa juu ya tairi, anakifikiria kile alichoambiwa na mkewe. Chini kimya maana yake beringi mpya ni nzima. Kudonoa juu maana yake oili haifiki kule kwenye vali. Inapotelea njiani.

Anaanza upya, mambo madogo kwanza. Anapima kiwango cha oili: sawa. Anainusa kama imeingiliwa na petroli: haijaingiliwa. Anamwaga oili, anafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, anasafisha chujio la chini ambalo tayari ni safi. Anafungua pampu na kupima nafasi kati ya meno yake kwa vipande vya chuma vyembamba kama karatasi. Pampu haina kosa. Jua limefika utosini na hajala kitu.

Kinabaki kitu kimoja. Pembeni mwa injini kuna bolti kubwa, na nyuma yake kuna springi inayosukuma kijiti cha chuma. Kazi ya kijiti ni kufunguka shinikizo likizidi, oili irudi chini isije ikapasua kitu. Alikuwa amekisafisha siku ya kwanza. Anakitoa tena. Hakitoki. Anakivuta kwa koleo, na kinapotoka kinakuja na kipande cha chuma laini, kidogo kuliko punje ya mchele.

Ni kipande cha beringi ya zamani, kilichomeguka siku ile mlimani. Kilijificha kwenye njia za oili, kikasukumwa na oili mpya hadi hapo, kikakizuia kijiti kisifunge. Kwa wiki tatu oili imekuwa ikipitia mlango huo kurudi chini.

"Njoo uone," anamwita mkewe. Mkewe anakiangalia kwenye kiganja, anakigeuza kwa ncha ya ukucha.

Anapuliza njia zote kwa hewa, moja baada ya nyingine, kisha anazirudia. Jioni injini inawashwa na kuachwa ipate moto kwa dakika arobaini. Sindano inasimama kwenye ishirini na sita. Mkewe anaweka bisibisi kila mahali na kutikisa kichwa: hakuna kinachodonoa. Fundi hashangilii. Anaomba maji ya kunawa.

Jumamosi Mwalimu anakuja mwenyewe, na koti lake limempwaya. Fundi anawasha injini na kumwonyesha geji ikiwa imefungwa. Kisha anazima injini, anapiga moyo konde na kusema yote: sikio, droo, oili nzito, uongo wa msibani. Anasema kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyosema, na jirani anayefua nguo ng'ambo ya ukuta anaacha kufua.

Mwalimu anasikiliza mpaka mwisho. Anashika mlango wa gari.

"Nilikuwa napima oili kila asubuhi," anasema. "Kila asubuhi, Fundi. Ulivyoniambia vile, nikajiona labda siku ile nilisahau. Nimeitafuta ile asubuhi kichwani mwaka mzima. Nakumbuka kijiti cha kupimia, nakumbuka tambara. Nikasema najidanganya."

Fundi hayapati yote. Mkewe anamrudishia neno kwa neno, karibu na sikio la kulia, huku machozi yanamtoka.

Mwalimu hakusema amesamehe, na hakuna aliyemuuliza. Alipoambiwa kwamba habari hii ingeandikwa, alifikiri kidogo. "Andika," alimwambia mwandishi. "Lakini andika kwamba nilikuwa napima." Akaingia garini na kuondoka bila kuaga.

Injini iliyofungwa upya hutakiwa kurudi kwa fundi baada ya kilomita mia tano, imwagwe oili ya kwanza yenye vumbi la vyuma na kuwekwa mpya. Kazi hiyo fundi yeyote anaweza kuifanya, hata kando ya barabara. Mwalimu hasafiri tena. Huendesha kwenda sokoni na makaburini tu, na fundi amepiga hesabu: kwa mwendo huo, mia tano zitatimia baada ya kama miezi mitatu.

Lita nne za oili, ya uzito unaotakiwa, na filta mpya tayari viko kwenye rafu. Mkewe amemwambia asijipe matumaini, binti anaweza kulipeleka kwingine.

"Sawa," fundi anasema. "Mimi nitakuwepo."