Jina la Tsveta Kwenye Fomu

Radostina alifika kwetu mwezi wa Septemba, wiki ile ambayo mji mzima unanuka pilipili hoho za kuchoma. Nilikuwa uani nimeinamia bati la moto, mikono myeusi hadi viwikoni. Akasimama langoni na sanduku la magurudumu, na mkononi ana mkoba mwingine mgumu, mweusi. Sanduku aliliacha kwenye vumbi. Mkoba hakuuweka chini.

"Wewe ndiye bibi Yonka? Mkuu wa shule ameniambia una chumba."

"Ninacho. Unakula maharage?"

"Nakula kila kitu."

"Basi vua koti uje umenye hizi. Zikipoa ganda halitoki."

Alimenya vibaya, anatoa ganda na nyama yake, lakini alimenya mpaka mwisho. Alikuwa na miaka ishirini na minne, anasomea Sofia, mji mkuu, shahada ya pili ya kuwa mwanasaikolojia wa shule. Mwaka wa mwisho lazima mwanafunzi akafanye kazi kwenye shule yenyewe, na aandike ripoti za watoto watatu: shida ilikuwa nini, alimpimaje, alimsaidiaje, kimebadilika nini. Shule za mjini zilikuwa zimejaa wenzake, ndiyo akaletwa kwetu, ambako mwanasaikolojia hajawahi kukanyaga. Walimpa chumba kilichokuwa stoo ya ramani. Nilikipiga deki mara mbili.

Nilikuwa msafishaji wa shule ile, mwaka wangu wa thelathini na moja. Nimeishia darasa la saba na sioni haya kusema. Lakini kila mtoto aliyepita pale namjua kwa jina lake na la bibi yake, na haya ninayoandika niliyaona kwa macho au niliambiwa na wenyewe.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa Bozhana, wa darasa la tatu, miaka tisa. Mama yake, Tsveta, alikwenda Italia kutunza wazee mtoto akiwa na miaka sita. Baba hakuwahi kuandikwa popote. Alilelewa na bibi yake Gena, jirani yangu wa ukuta mmoja. Nyumbani mtoto huyo alikuwa redio. Gena alikuwa akija kwangu kupumzisha masikio.

"Jana amenisimulia ndoto moja kuanzia supu mpaka kulala," ananiambia. "Nikamwambia, mjukuu wangu, acha nyingine ya kesho. Akasema ya kesho anayo tayari."

Shuleni, hakuna. Tangu siku ya kwanza ya darasa la kwanza hakuna mwalimu aliyesikia sauti yake. Aliandika, alichora, alitikisa kichwa, lakini kinywa kilifungwa langoni na kufunguliwa langoni. Bi Kamenova, mkuu wa shule, hakuwa mtu mbaya. Alivumilia miaka miwili, ndipo akaiandikia kamati ya mkoa iamue kama mtoto ahamishiwe shule maalumu, ile ya watoto wenye akili nzito, ya kulala huko Jumatatu mpaka Ijumaa. Kamati ingekaa mwisho wa Januari.

Radostina alisikia habari hiyo akaja jikoni kwangu uso umemwiva.

"Bibi Yonka, huyu mtoto ana akili nzito?"

"Huyu? Ananizidi mimi kwenye karata."

"Basi nitampima, niwape matokeo kwenye karatasi. Karatasi hawawezi kuibishia."

Lakini kabla ya kumgusa mtoto wa mtu lazima mzazi atie saini fomu ya ridhaa. Radostina alimpa Bozhana fomu aipeleke nyumbani, na Gena akaja nayo kwangu kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Nikamsomea yote. Akaniomba kalamu. Palipoandikwa "saini ya mzazi" akaandika Tsveta, kwa mwandiko wa duara kama mayai, akaweka tarehe na jina la mji wetu, akarudi kwake kukoroga kabichi.

Hatukufikiria lolote. Kwetu nusu ya akina mama wako Italia na Uhispania, na mabibi ndio wanaosaini. Kadi za chanjo, ripoti za muhula, safari ya makumbusho, zote. Ukimuuliza bibi kwa nini hakuandika jina lake, atakushangaa: fomu imeuliza mzazi, naye amewaandikia mzazi.

Kesho yake fomu ikarudi. Radostina akaitia kwenye faili.

Kuanzia hapo, kila Jumanne na Ijumaa saa nne, Bozhana alikwenda stoo ya ramani. Mwezi mzima wa mwanzo walikaa tu. Radostina hakumwambia "sema." Walichora, walipanga shanga, walicheza karata. Novemba nilikuwa napangusa dirisha la korido nikasikia kitu kama paka anakwaruza, nikasimamisha kitambaa. Alikuwa mtoto, ananong'ona. "Umeniibia mfalme," alisema, na Radostina akajibu kwa sauti ileile ya chini, "Nimekuibia kweli," kana kwamba wameongea hivyo miaka yote.

Siku hiyo alikuja nyumbani akaketi kwenye ngazi na koti lake. Nikamuuliza kama amepata mafua. Alikuwa analia kwa furaha, msichana mzima.

Desemba akafungua ule mkoba mgumu. Ndani mlikuwa na kipimo chenyewe: vitabu vya picha na vipande vyekundu na vyeupe vya kupanga. Kazi ikachukua asubuhi mbili. Mtoto alijibu yote, mengine kwa mnong'ono na mengine kwa kidole. Matokeo Radostina hakuniambia, kazi yao hairuhusu, lakini alikuwa anaimba akiosha vyombo, nami si mjinga. Msimamizi wake wa chuo alisoma ripoti akampigia simu kuisifu. Ikaingizwa kwenye faili la Bozhana, faili likaenda mkoani.

Likarudi Jumatatu ya wiki ya kamati, na barua juu yake.

Ndani ya faili kulikuwa na karatasi mbili zinazopingana. Moja ilikuwa fomu: Tsveta ametia saini hapa mjini, tarehe kumi na nne Oktoba. Nyingine ilikuwa orodha ambayo Bi Kamenova hupeleka kila mwaka, ya watoto ambao wazazi wao wako nje ya nchi. Bozhana alikuwa namba saba: mama yuko Italia, hajarudi kwa miaka mitatu.

Bi Kamenova aliwaita Radostina na Gena, na mimi nikaenda kwa sababu kalamu ilikuwa yangu.

"Nani ameandika hili jina?"

"Mimi," akasema Gena. "Na la darasa la kwanza pia, na la pili. Hukuwahi kuuliza."

"Zile zilikuwa safari za makumbusho, Gena. Huku ni kupima akili ya mtoto. Kisheria wewe si mlezi wake. Mama yake ndiye alipaswa kusaini, ubalozini huko."

"Mimi si mlezi? Basi chawa wake nani aliwatoa, ubalozi?"

Bi Kamenova akasema ripoti imetolewa kwenye faili, haitasomwa. Akamgeukia Radostina: mpaka ridhaa ya kweli ipatikane hana ruhusa ya kumwita mtoto, kukaa naye, wala kuzungumza naye. Msimamizi wake wa chuo alishamwambia vilevile kwa simu.

"Nilijua mama yake yuko Italia," Radostina akasema. Alikuwa mweupe kama chokaa. "Nilijua, na fomu niliishika mkononi. Mimi mwenyewe bibi yangu alinisainia mpaka namaliza shule. Niliona jina, nikaona ni sawa."

"Apimwe upya na mtu mwingine," nikasema.

"Haiwezekani, bibi. Kipimo hiki mtoto akishakifanya hakirudiwi mpaka mwaka upite, maana ameshakizoea. Nimekitumia. Nimemmalizia nafasi yake."

Mchana ule tulimpigia Tsveta tukiwa jikoni kwangu. Alipokea kwa sauti ya chini, kikongwe anayemtunza alikuwa amelala.

"Mama, umeandika jina langu?"

"Nimeandika jina lako tangu ulipoondoka. Ulitaka niandike la nani?"

"Sikulaumu. Nasaini wapi? Nitasaini sasa hivi."

Radostina akamweleza. Lazima asaini mbele ya ofisa wa ubalozi, na karatasi yenyewe ifike kwa posta. Tsveta akatuambia tusubiri, akawapigia. Nusu saa baadaye simu ikalia. Miadi ya karibu ilikuwa baada ya wiki tatu. Tena ubalozi uko mbali, na kikongwe hawezi kuachwa peke yake siku nzima.

"Kamati inakaa lini?"

"Alhamisi hii."

"Mpeni Bozhana simu," akasema. Gena akampelekea mtoto simu upande wa pili wa ukuta, akaongea na mama yake robo saa nzima kuhusu paka.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Hakuna aliyemweleza Bozhana, au walimweleza naye hakuelewa. Gena anasema alimweleza. Saa nne kamili akaja koridoni na karata zake mfukoni, akagonga mlango wa stoo ya ramani. Nilikuwa mwisho wa korido na ndoo. Radostina alikuwa ndani, nilikuwa nimemwona akiingia.

Akagonga tena. Hakujibiwa. Akaweka sikio kwenye mlango. Kisha akasema, si kwa mnong'ono, kwa sauti ileile inayomfukuza Gena nyumbani: "Najua uko ndani. Nimeona viatu vyako chini ya mlango."

Miaka miwili na nusu, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza ya sauti ndani ya shule ile. Viatu havikusogea. Radostina aliniambia baadaye alikuwa amesimama upande wa pili, mkono umeshika kitasa, akijua akifungua atakuwa amevunja sheria mara ya pili na kamati itaambiwa ni yeye anayemfundisha mtoto la kusema. Alisimama hivyo mpaka kengele ikalia. Bozhana akaondoka.

Mimi niliacha ndoo katikati ya njia, nikaenda ofisini na aproni yangu.

"Amesema. Amesema kwa sauti, koridoni, sasa hivi."

"Nani mwingine amesikia?" akauliza Bi Kamenova.

"Mimi nimesikia."

"Nakuamini, Yonka. Lakini nitawaandikiaje? Msafishaji amesikia? Mtoto mwenyewe aseme Alhamisi mbele yao, basi. Sentensi moja tu. Nitawasha hata mshumaa kanisani."

Alhamisi walikuja watu watano, wakakaa maktaba. Gena alimsuka mtoto nywele mpaka macho yakamvutika. Radostina hakuruhusiwa kuingia. Aliketi koridoni kwenye benchi la watoto, magoti juu, nami nikapiga deki mahali palipokuwa pasafi. Bozhana alikaa ndani dakika kumi na mbili. Walimuuliza jina lake, siku ya leo, rangi ya theluji. Gena anasema mama mmoja wa kamati alimuuliza kwa upole kabisa, akamngoja, hata akampa peremende. Mtoto aliangalia meza. Peremende hakuila.

Muhula wa pili ulipoanza mwezi wa Februari, akahamishiwa shule maalumu. Barua ya uamuzi ililetwa na posta, Gena akaipokea na kutia saini ya kupokea, jina lake mwenyewe, na tarishi hakuwa na neno. Tsveta alikwenda ubalozini siku ya miadi yake. Karatasi yenye mihuri mitatu ilifika Machi. Bi Kamenova akaipeleka mkoani, wakajibu kwamba uamuzi utaangaliwa upya mwaka ukipita.

Radostina alipewa mtoto mwingine wa kuandikia ripoti, mvulana wa darasa la tano asiyetulia kwenye kiti. Msimamizi wake alimwambia mambo hayo hutokea, aandike ukurasa mmoja juu ya alichojifunza. Aliandika kurasa nyingi jikoni kwangu, akazichana, akaandika upya. Hakuimba tena akiosha vyombo. Mei akafunga sanduku lake. Nilimpa chupa mbili za mchuzi wa pilipili, akanikumbatia muda mrefu.

Mwisho wa Juni alipiga simu.

"Nimefaulu, bibi Yonka. Wamenipa alama ya juu."

"Hongera, mwanangu."

Nikasikia magari ya Sofia.

"Bozhana anaendeleaje?"

"Anaondoka Jumatatu na basi la asubuhi, Ijumaa anarudi. Huko hasemi. Na siku hizi akirudi nyumbani hasemi sana pia. Gena haji tena kwangu kupumzika."

"Ameniulizia?"

Ningeweza kumdanganya, nilikuwa na nafasi ya kutosha kufikiri. Nikamwambia hajamuulizia.