Mikono ya Fundi wa Betri

Nilipokuwa nikiuza mahamri Jomvu Kuu, jirani yangu alikuwa fundi wa betri. Alitoa seli za lithiamu kwenye kompyuta mbovu, akazichaji moja moja mpaka zilingane nguvu, ndipo akaziunga kwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile. "Zikipitana nguvu, zitagombana," alisema kwa sauti yake ya taratibu, huku akizigusa kwa mgongo wa kiganja kama apimaye homa ya mtoto.

Asubuhi moja Bi Salme alileta betri ya taa iliyoungwa na mtu mwingine. Ilipowekwa kwenye chaji ikavimba na kufuka moshi. Fundi aliinyakua kwa mikono mitupu, akakimbia nayo nje, akaitupa mchangani, ikaripuka. Alirudi viganja vimebabuka. Bi Salme akaangua kilio. "Usilie, dadangu, taa hutaikosa," akamwambia, akampa betri ya kibanda chake mwenyewe.

Mpaka alipopona, kila adhuhuri mimi ndiye niliyemuungia waya, yeye akinielekeza. Nikichelewa nilimsikia akiuliza wapitao, "Jamani, mikono yangu i wapi?" Alishahama zamani. Hakuna tena aniitaye hivyo.