Nguzo Iliyomngoja Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, Bunia ikiwa katika vita, kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupaka gogo matope. Baba aliliangusha mwenyewe liwe nguzo ya katikati ya nyumba yetu mpya, kisha akaenda Gety kumwangalia dada yake mgonjwa. Barabara ikafungwa nyuma yake.

Koko, mama yake baba, alinionyesha kukanda udongo na mavi ya ng'ombe, na kuupaka kwenye ncha zote mbili za gogo. "Paka ku vichwa, huku na kule. Maji inatokaka mbio ku vichwa, njo muti inapasuka." Tulililaza kivulini juu ya mawe, tukalifunika majani ya migomba. Kisha akaniambia neno lililoniondolea raha: "Nguzo ikipasuka mbele ya kusimamishwa, mwenye aliikata harudiake ku nyumba."

Jamani, mtoto anaambiwa hivyo? Tangu hapo sikukaa nikatulia. Risasi zikilia, nilikimbilia kwanza gogo, ndipo nikakumbuka kujificha.

Siku moja tulikimbilia uwanja wa kanisa, tukakaa siku tatu. Tuliporudi, majani yalikuwa yamechukuliwa na jua limelichoma gogo kutwa. Nikaona ufa, mrefu kama mkono wangu. Nikauziba kwa matope haraka haraka.

"Nguzo iko namna gani?" koko akauliza.

"Iko muzima, koko."

Kesho yake nilikuta ufa umezibwa upya, na alama za vidole si zangu, ni za mtu mzima. Tukaendelea hivyo miezi, mimi na koko, kila mmoja akiziba kwa siri na kumdanganya mwenzake, huku hatuna habari yoyote ya baba.

Alirudi adhuhuri moja, amekonda, miguu peku. Alitukuta pale pale kwenye gogo, tukipaka. Akaligonga gogo kwa kidole, akashangaa.

"Mama, hii muti ilikaukaka zamani. Munapaka matope ya nini tena?"

Koko alitaka kujibu, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alimkumbatia mwanawe na matope yake yote mpaka viwikoni.

Kama niliamini maneno yale ya koko, sijui. Lakini sasa mume wangu akichelewa barabarani, nachukua nguo safi kabatini nazifua. Watoto wananicheka. Wacheke tu. Siachi mpaka nimsikie mlangoni.