Askari Anayekufa Akielekea Kibla

Kila Jumamosi ya kiangazi Almina humpeleka mwanawe ngomeni kumtazama mzee jirani akifa. Katika mchezo wa kuigiza vita vya 1813, Wamarekani walipoivamia Toronto, mzee ni askari wa Mwingereza. Akipigwa risasi hutandika kwanza leso, suruali nyeupe isichafuke, kisha hujilaza taratibu, uso kibla. Shida ni kwamba kibla iko mashariki, na Wamarekani hutokea magharibi.

“Unaonekana unakimbia vita!” kamanda wa mchezo akamfokea Jumamosi moja. “Ukirudia, nakutoa mchezoni.”

Mzee akapapasa ndevu.

Jumamosi iliyofuata alitokea na Wamarekani, kavaa koti la buluu, leso mkononi.

“Wee bwana!” mkewe akapiga kelele kutoka kwa watazamaji. “Juzi tu umeapa uraia, leo unaivamia Kanada?”

“Nyamaza, mama Hina,” akajibu, akijilaza. “Huku adui yuko upande wa kibla.”