Mdudu wa Mlimani Asiye wa Ukoo Wetu

Walisema sitamaliza. Na nikimaliza, walisema, nitakufa njaa, kwa sababu hakuna anayemlipa mtu mzima kutazama nzi. Adeer, yaani mdogo wa marehemu baba, aliyasema haya nyumbani kwake mtaa wa Waberi, mjini Garissa, mbele ya wageni, siku ile ile ukoo uliponichangia nauli ya kwenda Ulaya kusoma. Alitoa pesa za ngamia mmoja, na dharau juu yake.

Nilimaliza. Nina stashahada, na nimerudi nayo, si kama wale wanaorudi na miwani ya jua na lafudhi. Nilipata kazi ya kupima maji ya visima vya kambi ya wakimbizi ya Ifo, na likizo zangu zote nilizimalizia Mlima Kenya, kwenye vijito vya baridi ambavyo maji yake hufika kwetu yakiwa tope. Watu wa Garissa wameyanywa maji ya Tana tangu wazaliwe na hawajawahi kujiuliza yanatoka wapi.

Huko ndiko nilikompata mdudu wangu. Ana rangi ya majivu, ni mdogo kuliko ukucha, na mabawa yake yana vinyweleo; asiyejua atamwita nondo. Buu lake huishi chini ya mawe ya kijito na kujijengea kifuko cha changarawe, punje kwa punje, kwa uzi linaoutoa mdomoni. Mabawa hayatoshi kumtambua. Nilikata ncha ya tumbo la dume, nikaichemsha kwenye maji ya potasi hadi nyama ikayeyuka likabaki gamba, nikalichora chini ya darubini. Nililinganisha na michoro ya jamaa zake wote niliowapata vitabuni. Hakufanana na yeyote. Msomi mmoja wa Nairobi aliniambia wenye stashahada huosha chupa, spishi mpya huelezwa na wenye shahada za juu. Nikampelekea michoro. Wiki mbili baadaye akaomba jina lake liandikwe pamoja na langu. Niliendelea peke yangu.

Kosa langu lilikuwa kusema nyumbani kwamba anayemweleza mdudu mpya ndiye anayempa jina, na jina hilo hubaki vitabuni hata yeye akifa. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, adeer aliniita. Nikawakuta wote walionichangia.

"Tumekubaliana," alisema. "Ataitwa kwa jina la babu yako."

"Babu alifika mlimani lini, adeer?"

"Qaaraan yetu ndiyo iliyofika."

Qaaraan ni mchango wa ukoo. Haurudishwi, na hiyo ndiyo hila yake: aliyeupokea hubaki mali ya waliouchanga.

Binamu yangu, mfuga ngamia wa Diff, aliuliza nimejuaje kuwa mdudu ni mpya.

"Kwa sehemu za siri za dume," nilimjibu, nikawaonyesha mchoro.

Alicheka hadi chai ikamwagikia kikoi chake. Adeer aliulaza mchoro kifudifudi kwenye mkeka.

"Hii usiandike, adeer," aliniambia, maana kwetu ami na mtoto wa nduguye huitana hivyo hivyo.

"Hayo ndiyo maelezo yenyewe."

"Basi tanguliza jina la babu. Hii iweke mwisho, wasomaji wasifike hapo."

Nilikataa. Watu waliocheka kazi yangu sasa walitaka kuimiliki milele. Adeer akasema mbele ya wote kwamba aliyekula qaaraan hana jina la kumpa mtu, hata mdudu.

Niliuza kiwanja nilichonunua kwa jasho langu. Mwezi uliofuata niliwaita wote pale pale, nikampa kila mmoja bahasha yenye alichokitoa. Kila mmoja alisema kurudisha qaaraan ni kumtemea mtu mate usoni. Kila mmoja alihesabu. Binamu wa Diff alihesabu mara mbili, akauliza kama nimehesabu kwamba mbuzi aliyemtoa alikuwa na mimba.

Adeer alipokea wa mwisho. Aliikalia bahasha yake bila kuifungua.

"Sasa hatuna chetu kwako."

"Ndivyo nilivyotaka."

"Na mdudu utamwita nani?"

"Kwa jina la kijito chake."

"Kijito hakina watoto," alisema, akageuka kumwagiza mkewe chai.

Sikuingoja. Nilisimama langoni penye mtandao mzuri, nikatoa simu, nikayatuma maelezo yangu kwa wachapishaji, michoro ya dume ikiwa mbele.